Kaptula iliyonipasukia mbele ya watu wa Arusha

"Kaka, umenenepa. Nguo haina shida."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na dada mmoja hapa Moshi, mshonaji wa nguo za michezo, nilipomrudishia kaptula ya kuogelea iliyopasuka nyuma kuanzia kiunoni. Hata usoni hakuniangalia. Alikuwa anamchagulia mteja mwingine rangi, na kijana wake wa kupiga pasi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Kucheka si dhambi, lakini hela ilikuwa yangu.

Ilikuwa miezi ya baridi, Juni au Julai hivi. Mashindano madogo ya klabu, wenzetu wa Arusha wameshuka, mita 50 mtindo huru. Nikapanda jukwaa la kurukia, nikainama kushika ukingo, na kabla hatujaruhusiwa nikasikia praaa! Nikadhani ni ya jirani. Upepo ukaniambia ni yangu. Ningefanyaje? Nikaruka. Nikamaliza wa nne, kisha nikabaki majini nimeng'ang'ania kamba hadi mtu aliponionea huruma akaleta taulo.

Bahati mbaya kwa yule dada, nimekulia chini ya meza ya cherehani ya mama, mshono naujua. Nikaukagua nyumbani. Pembeni kapiga ovaloki safi, inavutika na kitambaa. Ule wa nyuma, ambao ndio unaobeba kila kitu mtu akiinama, kapiga mshono wa kunyooka kwa uzi wa kushonea sare za shule! Ukiuvuta kwa vidole gumba unasikia tk, tk, tk, nyuzi zinakatika moja moja na kitambaa hata nusu ya kuvutika kwake hakijafika. Nikaenda kuuvuta pale pale mezani kwake. Tk, tk. Ndipo akaniambia nimenenepa.

Akaongeza kwamba kitambaa ni "kile cha Olimpiki". Dada yangu, kitambaa nani kakilalamikia? Halafu usinitishe na mambo makubwa. Zile nguo za kuogelea za plastiki zilipowavunjisha watu rekodi 43 za dunia kwenye mashindano ya dunia kule Roma mwaka 2009, zilipigwa marufuku kuanzia 2010, wanaume tukarudishwa kwenye kitambaa, mwisho kitovuni juu na magotini chini. Habari ya uzi wa sare sikuisikia popote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi anaijua. Nyonga na paja alinipima mara mbili, nimesimama na nimechuchumaa, jambo ambalo sijafanyiwa na fundi yeyote mjini. Akakata ndogo kuliko mwili kwa makusudi, kwa sababu spandeksi, hicho kitambaa cha kuvutika, ikilowa inalegea. Kaptula zangu za mitumba kutoka soko la Memorial zinachota maji kama ndoo, unaogelea huku unavuta mzigo. Hii kwenye mazoezi ilinikaa kama ngozi. Sasa mtu mwenye akili ya namna hiyo anashindwaje kumalizia sentimita thelathini za nyuma? Au mashine ya ovaloki iliharibika siku ile akaona aibu kusema? Angesema tu. Kuharibika kwa mashine tungeelewana.

Nikaipeleka kwa babu mmoja anayeshonea kibarazani Mbuyuni. Shikamoo, marahaba. Akaigeuza ndani nje, akaipapasa muda mrefu.

"Nani kakata hii?"

Nikamwambia.

"Ana mkono mzuri."

Nilitamani kumnyang'anya. Akaweka uzi wa nailoni, akapiga zigizaga, akachukua elfu mbili. Nimeshainama nayo mara nyingi tu tangu siku hiyo, na kilo zangu ni zile zile, nimepima.

Kwa hiyo msiende kwa yule dada. Nilianza kuandika haya nikiwa na msimamo huo na bado ninao, kwa jinsi alivyonijibu. Ila juzi nimempelekea oda ya kaptula ya pili. Salamu, hela, basi, hatukuchekeana. Nimemwambia akate, apige pembeni, aweke bitana mbele. Nyuma asiguse, kuna mtu wangu Mbuyuni.