Kozi ya kuongea Kiingereza Sinza: grama wako vizuri, ila "at the end of the day" yao imeniponza

Nimemaliza miezi mitatu kwenye senta moja ya Kiingereza hapa Sinza, jina silitaji, na kwa kuwa kazini kila mtu ananiuliza kama inafaa ngoja niseme nilichokiona.

Ada laki na themanini, unalipa kwa awamu mbili, darasa linaanza saa kumi na mbili jioni kwa hiyo hata ukitoka kazini na foleni ya Shekilango unawahi. Feni moja mbovu, hilo nimesamehe. Mama anayefundisha grama Mungu ambariki, tensi zilizonitesa tangu fomu wani kanifungulia kwa wiki mbili tu.

Shida ni kipindi cha maongezi. Siku ya kwanza mwalimu kajaza ubao, basically, actually, literally, to be honest, you know, at the end of the day, akasema tukariri maana ndo zinaonyesha Kiingereza kimekukolea. Ukisimama kuongea dakika mbili usipoweka angalau tano anakukata maksi. Dada mmoja alijitambulisha hivi, "Basically I am literally living in Tabata", darasa zima makofi, na mimi nilipiga.

Sasa mimi nakaa mapokezi kwenye hoteli Kariakoo. Usiku mmoja Mturuki na mwanae wakaniuliza kama kesho kuna gari la hoteli la kwenda bandarini, nami nikajibu kama nilivyofundishwa, "To be honest, at the end of the day the car is there", nikimaanisha kwa kifupi gari lipo. Akashukuru wakapanda kulala. Kumbe kaelewa gari ni jioni! Na ukichukua neno kwa neno ndo maana yake, kosa si lake, Kiingereza na yeye ni cha kujifunza kama mimi. Alfajiri kabeba mabegi matatu na mtoto kalala begani kaenda barabarani kutafuta bajaji, huku dereva wetu kapaki uani anawasubiri. Tulipowapata na kuwafikisha bandarini boti ya asubuhi ya Zanzibar imeshaondoka. Yule baba alivyoniangalia sijasahau mpaka leo.

Iliniuma nikaanza kufuatilia, nikakuta wenye lugha yao wenyewe wamechoka na haya maneno. Uingereza kuna Plain English Campaign, wanapigania Kiingereza chepesi tangu 1979, mwaka 2004 waliwauliza wafuasi wao ni msemo gani unawakera zaidi na namba moja ikawa hiyohiyo "at the end of the day". Iliyofuata "at this moment in time", maneno matano ya kusema sasa hivi. Marekani nako kuna chuo Michigan, Lake Superior State University, tangu 1976 kinatoa kila mwaka orodha ya maneno ya kupigwa marufuku. Halafu literally asili yake ni neno la Kilatini la herufi, yaani jambo liko hivyohivyo lilivyosemwa, sisi tunafundishwa kulimwaga kwenye kila sentensi kama chumvi.

Na hiyo "at the end of the day" imeshatuingilia Kiswahili, sikiliza vipindi vya mpira redioni, "mwisho wa siku tumepata pointi tatu", wakati mechi imechezwa saa kumi. Hatimaye ipo, mwishowe ipo, tunaziacha zinaota kutu, inauma kwa kweli.

Nilimfuata mwalimu nikamweleza habari ya Mturuki, akasema orodha haiondoki kwa sababu wanafunzi wanaipenda. Basi ukienda pale lipa awamu ya kwanza tu, ukae kwa yule mama wa grama, maongezi katafute kwingine.

Mimi siku hizi mgeni akiuliza gari namjibu "The car leaves at six in the morning", na namwandikia 6:00 kwenye karatasi aondoke nayo chumbani.