Birika la jala neti: la shaba linapendeza, lakini usilinunue

Kati ya vifaa vya yoga vinavyouzwa mtandaoni, birika la kuoshea pua ndilo watu huchagua kwa macho. La shaba nyekundu lenye nakshi hutoka vizuri pichani, na wauzaji hulipamba kwa maneno ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwamba maji yaliyolala ndani ya shaba ni dawa. Desturi hiyo ipo India kweli, ila ni ya maji matupu ya kunywa. Jala neti ni kuosha pua kwa maji ya chumvi, na chumvi hula shaba. Likiachwa na matone usiku kucha, asubuhi kuna kutu ya kijani pale ndani mdomo unapoungana na tumbo la birika, mahali ambapo kidole hakifiki. Lililopakwa bati ndani ni afadhali, mpaka bati lianze kubanduka.

La kauri ni laini na halina ladha, ila kuligonga kwenye sinki mara moja tu kunatosha kulimaliza. La plastiki ni rahisi na linaonyesha maji yamebaki kiasi gani, lakini mengi hayastahimili maji yanayochemka, na mikwaruzo ya ndani hugeuka makazi ya vijidudu. La stenlesi halina mvuto wowote. Ndilo la kununua: unalitumbukiza zima kwenye sufuria ya maji yanayochemka na hakuna kinachoharibika.

Kabla ya kulipa, kagua ncha ya mdomo. Iwe nene kiasi cha kuziba tundu la pua lote. Ikiwa nyembamba kama ya buli la chai, maji yatarudi na kuteremka shavuni. Pitisha kidole kwenye ukingo wake; usiwe wa kukwaruza. Ncha iwe juu kuliko usawa wa maji birika likijaa, la sivyo litamwaga kabla hujaliinua. Ujazo wa mililita 500 unatosha, nusu kila upande.

Kipimo cha chumvi ni gramu 9 kwa lita, yaani 4.5 kwa birika hilo, karibu robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini. Chumvi ya mawe hudanganya kijikoni, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni ni bora. Chumvi yenye madini joto si sumu, ila pua nyingine huwashwa nayo. Maji yakichoma hadi machozi, mara nyingi chumvi ni pungufu. Wengi hudhani imezidi, wanaipunguza, na inachoma zaidi. Joto liwe la mwili, nyuzi 37 hivi.

Kuhusu maji hakuna mjadala. Ya bomba hayaingii puani bila kuchemshwa, hata kama yametiwa klorini na mnayanywa kila siku. Mwaka 2011 watu wawili walifariki Louisiana, Marekani, baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri. Akimezwa hadhuru, akipanda puani hufika kwenye ubongo. Yachemke dakika moja kamili, au tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama Eldoret, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande mmoja, ziba tundu la juu kwa ncha na upumue kwa mdomo ulio wazi. Maji yatatokea tundu la chini yenyewe. Yakiteremkia kooni, umeinua kidevu; kishushe. Yasipotoka kabisa, pua imeziba, na kulazimisha ni kutafuta maumivu ya sikio.

Kukausha pua ndiko kunakorukwa, na malalamiko mengi ambayo wanunuzi huandika mtandaoni kuhusu birika hizi ("linasababisha kizunguzungu", "sikio limejaa") chanzo chake ni hapo. Inama hadi kichwa kiwe chini ya kiuno, geuza kulia na kushoto ili maji yachuruzike, kisha pumua nje taratibu matundu yote mawili yakiwa wazi. Ukiziba moja na kupenga kwa nguvu, unasukuma maji na kamasi kuelekea sikioni.

Anayetokwa damu puani, mwenye maambukizi ya sikio au aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni asubiri ruhusa ya daktari.

Baadhi ya boksi huja na mrija mwembamba wa mpira wa sutra neti, unaoingizwa puani na kuvutwa mdomoni. Neti inayoelezwa katika Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya yoga ya karne ya 15, ni hiyo hasa, ya uzi. Hujifunzwa mbele ya mwalimu. Karatasi ya maelekezo haitoshi, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya huo mrija.