Uzoefu wangu na bendi ya fanki, roki na pop: besi ikikaa sawa, watu hawakai

Bendi niliyoikodi ina watu 8: dramu, besi, gitaa, kinanda, tarumbeta, saksafoni na waimbaji 2. Kazi waliyopewa ilikuwa kuwainua watu vitini, na waliifanya. Roki yao tu ndiyo ina kasoro, nitaifikia.

Anza kusikiliza chini, kwenye besi na dramu ya mguu. Katika fanki uzito huwekwa kwenye pigo la kwanza kati ya kila mapigo manne, jambo ambalo James Brown, mwanamuziki wa fanki wa Marekani, alilisisitiza sana kwa wapigaji wake. Mpiga besi wa bendi hii analielewa vizuri. Noti ya kwanza inatua pamoja na mguu wa mpiga dramu, kisha anaacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo mchezaji anaijaza kwa bega au kiuno. Mpigaji anayejaza kila upenyo humwacha msikilizaji bila pa kuingilia. Upo pia ule mtindo wa kugonga nyuzi nene kwa dole gumba na kuzivuta nyembamba kwa kidole cha shahada, anaotajwa kuuanzisha Larry Graham, mpiga besi wa bendi ya Sly and the Family Stone. Huyu anautumia kwa mizunguko 4 au 8 tu ya mapigo manne manne, halafu anarudi kwenye vidole. Ukipigwa usiku kucha unachosha masikio, na mdundo unabaki mwembamba.

Mtazame na mpiga gitaa. Mkono wake wa kulia haupumziki, unapanda na kushuka mara 16 katika kila mzunguko wa mapigo manne, huku vidole vya kushoto vikilegezwa juu ya nyuzi ili sehemu kubwa itoke kama mkwaruzo mkavu usio na noti. Noti zenyewe zinazosikika ni 3 au 4 tu, na hapo ndipo fanki ilipo.

Mpangilio wao wa nyimbo naupa alama za juu. Walifungua na fanki ya mapigo kama 105 kwa dakika, wakapanda kwenye pop ya 120 hivi, na roki ya kasi wakaiweka dakika 10 za mwisho za kila awamu. Awamu zilikuwa 2, dakika 45 kila moja, na mapumziko ya dakika 20 katikati. Nyimbo 3 au 4 ziliunganishwa bila dramu kusimama: mpiga dramu anashikilia mdundo mizunguko 8, wenzake wanabadilisha milio, mwimbaji anaingia. Kimya kirefu kati ya wimbo na wimbo kinawarudisha watu vitini, na kuwainua tena ni kazi mara mbili.

Kasoro sasa. Gitaa lilipowekewa mlio mzito wa roki, maneno ya waimbaji yalimezwa. Mlio huo hujaa katikati ya wigo wa sauti, palepale panapokaa konsonanti za mwimbaji. Fundi mitambo akaongeza sauti ya maiki, na maiki zikaanza kupiga mluzi, kwa kuwa zilikuwa zinazoa sauti ya spika za jukwaani na kuirudisha tena kwenye mitambo. Dawa yake ni kupunguza amplifaya ya gitaa pale jukwaani, kuigeuza itazame pembeni badala ya kumlenga msikilizaji, na kukata kidogo sauti ya kati ya gitaa. Alipunguza gitaa katika awamu ya pili na maneno yakasikika. Angefanya hivyo mapema, wakati wa majaribio.

Kuna jambo dogo ambalo waimbaji wengi hukosea na hawa hawakukosea: hawakufunika kichwa cha maiki kwa kiganja. Maiki ya kawaida ya jukwaani husikia kidogo sana upande wa nyuma, ndiyo maana spika ya sakafuni, ile ambayo mwimbaji hujisikilizia, huwekwa huko. Ukikifumbata kichwa chake inaanza kusikia pande zote, na mluzi unakuja.

Majaribio yafanyike ukumbi ukiwa mtupu, lakini usiyaamini moja kwa moja. Miili ya watu hunyonya sauti za juu, hivyo tarumbeta iliyochoma masikio saa moja kabla huenda ikawa sawa ukumbi ukijaa. Fundi lazima arekebishe tena katika wimbo wa kwanza na wa pili.

Ukitaka bendi ya namna hii, omba video ya wimbo mzima uliorekodiwa kutoka upande wa wasikilizaji, bila kuhaririwa. Vipande vya sekunde 20 vinaficha viungo kati ya nyimbo. Watu 8 wanahitaji jukwaa la karibu mita 6 kwa 4, na dramu peke yake hula kama mita 2 kwa 2. Taa na mitambo ya sauti visichukue umeme kwenye laini moja, la sivyo mngurumo utasikika kila muziki ukitulia. Muulize fundi kama ana kipimo cha sauti: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15.

Nitawaita tena. Amplifaya ya gitaa nitaomba iwe imegeuzwa kabla mtu yeyote hajaingia ukumbini.