Usaili wa umeneja wa ghala, Barabara ya Nyerere: wiki saba zangu

Kabla sijaenda nilitafuta mtu wa kunisimulia usaili wa umeneja unavyokuwa, sikumpata. Kwa hiyo naandika wangu wote, kwa anayejiandaa sasa hivi. Kampuni siitaji. Inasambaza bidhaa za nyumbani, mafuta ya kula, sabuni na unga, na ghala lake lipo Dar es Salaam, maeneo ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Nafasi ilikuwa meneja wa ghala na usambazaji. Mimi nina miaka tisa ya kazi za stoo, minne ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu.

Siku ya kwanza tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi. Tulianza saa tano kasoro. Ilikuwa Aprili, mvua imeshika tangu alfajiri, na tulikuwa saba kwenye chumba chenye feni moja. Mwenzetu aliyetokea Magomeni alikuta maji yamejaa Jangwani na mabasi ya mwendokasi yamesimama, akafika saa tatu na nusu suruali imelowa hadi magotini. Kwa kuwa hata wenyewe walikuwa hawajaanza, hakukosa kitu. Lakini katika saa hizo tatu hakuna aliyekuja kutuambia tunasubiri nini, na wapo waliokuwa wameomba ruhusa ya nusu siku tu kazini kwao.

Baada ya hapo ukaja mtihani, na mtihani ule nausifu kwa moyo wote. Sijawahi kupimwa vizuri vile.

Tulipewa hesabu mbili za stoku ya bidhaa moja, mafuta ya kula ya lita tano. Kwenye mfumo zipo katoni 412. Waliohesabu kwa mkono wamekuta 436. Nyuma yake zimebanwa nakala tano za hati za kupokelea mzigo, na swali moja: una saa moja, utafanya nini?

Tuliozoea stoo tumezoea upungufu. Ukiona pungufu akili inakimbilia wizi. Hapa mzigo umezidi katoni 24, na mzigo uliozidi watu huupuuza kwa sababu hakuna anayedaiwa. Nikazipitia hati moja moja. Ya nne ilikuwa ya duka la jumla la Temeke, mbele iko safi, sahihi na muhuri vipo. Nilipoigeuza nyuma nikakuta dereva ameandika kwa kalamu: "24 zimerudi, zinavuja." Karani hakugeuza karatasi, kwa hiyo kwenye mfumo zile katoni bado zimeuzwa.

Unaweza kuishia hapo, ukasahihisha namba, ukaona umemaliza. Mimi nilichokiona ni kwamba katoni 24 zinazovuja zimepangwa pamoja na nzima, na gari linalofuata linaweza kuzipakia. Nikaandika: kwanza nasimamisha upakiaji wa mafuta hayo, nazitafuta zile 24 na kuzitenga. Namba nasahihisha baadaye, halafu namtafutia mwenye duka hati ya kumpunguzia deni, maana anadaiwa mzigo aliourudisha. Swali kama lile halijibiwi kwa kukariri. Mtu ambaye hajawahi kusimama ghalani mafuta yakimwagika sakafuni angejibu kwamba ataunda kamati ya uchunguzi.

Wiki mbili baadaye wanne tuliitwa mbele ya jopo. Watu watano mezani, na pembeni kabisa mzee mmoja mwenye koti la kazi, msimamizi wa ghala anayekaribia kustaafu. Niliwasalimu wote, nikampa yeye shikamoo yake, akaitikia marahaba akaendelea kunyamaza kama nusu saa. Wengine waliuliza yale yanayoulizwa kila mahali: tueleze kuhusu wewe, udhaifu wako ni nini, unajiona wapi baada ya miaka mitano. Nilijibu, wakaandika.

Meneja wa fedha akaniuliza ningepangaje bajeti ya mafuta ya magari kumi na manane kwa mwezi. Hapo nilikwama. Nilijua gari lipi linakwenda wapi, sikujua lita kwa kilomita, na nilizunguka na maneno hadi mwenyewe nikasikia ninazunguka. Ningekiri mara moja kwamba sijawahi kushika bajeti hiyo, ingekuwa heri.

Kisha mzee akaweka kalamu chini. "Dada, dereva amerudi saa nne usiku, katoni mbili hazipo. Dereva ana miaka kumi na mbili hapa, hajawahi kupoteza hata kipande cha sabuni. Utingo ameanza Jumatatu. Unamkata nani?"

Nikamwambia, mzee, usiku huo simkati mtu. Nawachukua wote wawili maelezo kwa maandishi, kila mmoja peke yake, kabla hawajaondoka getini. Asubuhi napita duka kwa duka kwenye njia waliyoipita, maana mara nyingi mzigo unaodhaniwa umepotea umeshushwa kwa mteja wa pili. Hata nikimpata mwenye kosa, sheria haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara bila kumweleza mtu kwa maandishi na kumpa nafasi ya kujitetea, na makato hayo hayazidi robo ya mshahara wake.

Akanitazama. "Na bosi akisema utingo akatwe leo leo?"

Nilisema ningemwomba bosi siku moja. Akasema, "Siku moja utapewa. Ya pili hutapewa. Jiandae kwa hiyo ya pili." Sikuwa na jibu, na sidhani alilitaka. Katika usaili wote ule ni yeye pekee niliyehisi anataka kujua nitaishije na watu wake.

Baada ya hapo afisa rasilimali watu akaniuliza nina watoto wangapi, wana umri gani, na baba yao ana maoni gani kuhusu mimi kurudi nyumbani saa nne usiku. Nilijibu kwa upole kwamba zamu za usiku nazifanya tangu mwaka wa tatu kazini na sijawahi kukosa. Wenzangu watatu walikuwa wanaume. Nje niliwauliza, hakuna aliyeulizwa habari ya mke wala mtoto.

Hili liliniumiza na bado linaniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi. Nilikuwa naijua. Lakini ukiwa umekaa mbele ya watu watano na unaitaka kazi, kuwasomea kifungu ni kujifungia mlango. Dada unayejiandaa, andaa jibu fupi la kazi, litoe, kisha urudishe mazungumzo kwenye ghala. Na nyinyi mnaokaa kwenye majopo, kama saa za usiku ndizo zinazowasumbua, ulizeni saa za usiku, na muulize kila mmoja.

La mshahara nililikuta limekaa mwishoni kabisa, wamesimama nusu. Unategemea kiasi gani? Nilikuwa nimepiga hesabu nyumbani, na naomba kila mtu apige, kwa sababu wao wanazungumza mshahara ghafi na wewe kichwani una hela ya mkononi. Chukua milioni mbili. Toa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, laki mbili. Inabaki milioni 1 na laki 8 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni shilingi 368,000. Mkononi unabaki na 1,432,000. Kama bado unalipa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara inakatwa tena, laki tatu, unaondoka na 1,132,000. Nilitaja ghafi, nikauliza na usafiri kwa siku za kufunga hesabu usiku, maana kutoka pale hadi Segerea saa tano usiku daladala si za kutegemea. Waliandika.

Halafu kimya. Wiki ya kwanza unaelewa. Ya pili unabeba simu hadi bafuni. Nilipiga mara tatu kwa wiki tofauti, jibu likawa lile lile, "tunaendelea na mchakato". Nilikuwa nimeacha kuomba zamu za ziada kazini kwangu nikidhani nitaondoka, na hela ile niliipoteza. Wiki ya tano ikaja meseji ya mistari miwili: nafasi imejazwa na mtu wa ndani. Sina neno na mtu wa ndani, huenda amestahili. Ila meseji ile waliweza kunitumia tangu walipoamua.

Niliandika barua pepe kushukuru na kuuliza nilipungukiwa wapi. Sikutegemea kujibiwa. Baada ya siku mbili nikajibiwa, na kwa hilo nawapa haki yao: mtihani nilikuwa wa kwanza, jopo niliteleza kwenye gharama za magari. Sentensi moja tu, lakini imenisaidia kuliko semina mbili nilizowahi kulipia.

Ukiniuliza kama uende, nenda. Beba kalamu yako, kunywa chai kabisa kwa sababu utasubiri, geuza kila karatasi utakayopewa, na usiache zamu zako.

Mimi kazini kwangu nimemwomba mtu wa usafirishaji anifundishe. Kila jioni baada ya zamu nakaa naye nusu saa na daftari la mafuta. Juzi tulilinganisha Fuso mbili za aina moja, mzigo uleule, moja ya Mbagala na moja ya Bunju. Ya Mbagala njia yake ni fupi lakini inakunywa karibu sawa na mwenzake. Dereva anasema ni foleni ya asubuhi, injini inanguruma gari limesimama. Kesho tunaitoa saa kumi na moja alfajiri tuone.