Maonyesho na shindano la sanaa Kinondoni: kazi nzuri, majaji kimya

Ukumbi mdogo wa sanaa wa jamii uliopo Kinondoni, ambao hivi sasa umeweka pamoja maonyesho ya wanachama wake na kazi zilizoingia katika shindano lake, ni mahali ninapompendekezea kila mkazi wa Dar es Salaam anayependa sanaa za ufundi, na nalisema hili mwanzoni kwa sababu baadhi ya maneno yangu hapa chini ni ya malalamiko. Jiji hili halina kumbi nyingi za namna hiyo. Nyumba ya Sanaa, ambako msanii George Lilanga alifanyia kazi miaka ya 1970, haipo tena. Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu mwaka 2008. Ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay na wachongaji wa Mwenge hutegemea sana wateja wageni. Hapa Kinondoni watazamaji ni majirani: mama anayetoka sokoni, mwanafunzi mwenye begi mgongoni, fundi wa fremu aliyekuja kuangalia kama fremu zake zimekaa sawa. Kiingilio ni bure, na mhudumu haulizi kama umekuja kununua au kutazama.

Chumba cha mbele wamepewa wanachama, na kazi nyingi humo ni za mkondo wa tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vilivyopatikana dukani kwa bei nafuu, na hadi leo rangi ya aina hiyo ndiyo inayozipa picha hizi mng'ao wake. Mng'ao huo huo unadai taa zipangwe kwa uangalifu, jambo ambalo halikufanyika. Taa zinapiga moja kwa moja katikati ya picha, kiasi kwamba chui mmoja mzuri sana, ambaye madoa yake yamepakwa moja moja na kila doa likapewa kivuli chake cha kahawia, anaonekana vizuri tu ukisimama pembeni, karibu na dirisha. Kuzigeuza taa zimulike kwa mshazari kunahitaji ngazi na muda mfupi tu. Batiki zilizopo ni safi, lakini hazikunisimamisha.

Utajiri wenyewe upo chumba cha nyuma, penye kazi za shindano. Iliyonishika zaidi ni kinyago cha mpingo kilichochongwa kwa mtindo wa ujamaa, watu wakiwa wamebebana kutoka chini hadi juu. Mchongaji hakuondoa sehemu yote ya nje ya gogo, ile nyeupe inayoelekea manjano, ambayo wengi huitoa ili kazi ibaki nyeusi tupu. Ameacha ukanda mwembamba unaopanda mgongoni mwa mwanamke aliye chini, ukapita juu ya bega la mtoto na kuishia kwenye kiganja cha mzee aliye juu kabisa. Ukisogea karibu utaona kwamba patasi imesimama pale pale rangi ya mti inapobadilika. Kazi hii imepata nafasi ya tatu. Ya kwanza imechukuliwa na turubai kubwa la akriliki linaloonyesha Kariakoo siku ya mvua, ambalo limechorwa kwa ustadi ingawa kwa maoni yangu anga lake limeachwa bila kushughulikiwa. Inawezekana majaji waliona nisichokiona, nami ningependa sana kukisoma, lakini kijikaratasi cha ukutani kinataja nafasi, jina la msanii, malighafi na bei, basi.

Utaratibu wa kupokea kazi ulikuwa mzuri. Majaji walikuwa watatu, na waliletewa kazi bila majina. Hata hivyo, kuficha jina hakutoshi katika jiji ambalo wachoraji wengi wamefunzwa kwenye karakana, mwanafunzi akifuata mkono wa mwalimu wake hadi aumudu, kwa kuwa jaji aliyetoka karakana hiyo hiyo huutambua mkono huo hata picha ikiwa haina saini. Jaji wa namna hiyo angepaswa kukaa pembeni kazi hizo zinapojadiliwa. Kuna jambo zito zaidi. Kama kigezo kikuu kilikuwa upya wa wazo, mchoraji wa karakana ameshindwa kabla hajawasilisha kazi. Kama kilikuwa umahiri wa mkono, kazi kama yule chui wa chumba cha mbele ingeweza kushinda. Wasanii wana haki ya kujua ni kipi kati ya hivyo kilichotumika.

Waandaaji wanastahili sifa kwa kuzitundika barazani kazi ambazo hazikuchaguliwa. Mwaka 1863 mjini Paris, baada ya wasanii waliokataliwa na jopo la maonyesho rasmi ya sanaa, Salon, kulalamika, Napoleon III aliagiza kazi zao zionyeshwe ili umma ujiamulie, na watu wakaona picha ambazo jopo lisingependa zionekane. Baraza ya Kinondoni inatoa nafasi hiyo hiyo. Hapo nilimsikia binti mmoja, aliyeleta kazi iliyoshonwa kwa vipande vya kanga kuukuu, akimuuliza mhudumu kwa adabu kazi yake ilipungukiwa na nini. Alijibiwa kwamba ndivyo majaji walivyoamua. Mtu aliyelipa ada ya kushiriki na kushona kwa mkono mishono midogo namna ile anastahili angalau sentensi mbili za maandishi, na ukurasa mmoja wa maelezo ya majaji kuhusu washindi ungebandikwa mlangoni bila gharama yoyote ya maana.

Anayetaka kwenda aende mchana, wakati mwanga wa dirishani unasaidia pale taa zinaposhindwa, na aanzie barazani, kwa sababu picha za karatasi zilizopo huko zimeanza kujikunja pembeni kwa unyevu na sidhani kama zitastahimili mvua za masika zikiendelea kukaa nje.