Runinga janja ya inchi 43: kioo kizuri, taa dhaifu na kituo cha huduma kisichopima

Kioo cha runinga hii kinastahili sifa. Ni inchi 43, pikseli 3840 kwa 2160, yaani 4K, rangi zimetulia, na hata aliyekaa pembeni kabisa ya sebule haoni picha ikififia. Kwa shilingi 650,000 nilizolipa Kariakoo, kioo peke yake kina thamani ya fedha hiyo. Kinachonikera ni vinavyokizunguka: taa za nyuma zinazosukumwa kwa mkondo wa umeme mkubwa kupita kiasi, ubongo mdogo (kompyuta ya ndani inayoendesha programu) ambao hifadhi yake inajaa upesi, na kituo cha huduma ambacho fundi wake anatoa hukumu kabla hajafungua skrubu hata moja.

Maandishi ya kwenye boksi yasomwe kwa tahadhari. Neno HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na giza, limeandikwa kwa herufi kubwa, na ni kweli runinga inapokea mawimbi ya HDR10, aina yake ya kawaida. Lakini kupokea si kuonyesha. HDR inahitaji mwanga mkali, tena mwanga unaoweza kupunguzwa sehemu kwa sehemu pale picha inapokuwa nyeusi. Hapa taa zote 24 hupanda na kushuka pamoja, na mwanga wake ni wa kawaida tu, kwa hiyo filamu yenye matukio ya usiku inaonekana giza zaidi kuliko toleo lake lisilo na HDR. Zima HDR kwenye kifaa kinacholeta picha. Utaona tofauti papo hapo. Namba 120 iliyochapwa karibu na neno la kasi nayo si kasi ya kioo. Kioo hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Hiyo 120 ni programu inayobuni picha za katikati, na kwenye mechi ya mpira inaacha ukungu nyuma ya mpira na miguu ya wachezaji. Hiyo pia izimwe.

Jambo la kwanza baada ya kuiwasha ni swali la matumizi: nyumbani au dukani. Chagua nyumbani. Hali ya dukani hupandisha taa za nyuma hadi asilimia 100 ili runinga ing'ae kuliko jirani zake kwenye rafu, na ukiiacha hivyo unazichoma taa kila dakika. Kisha ingia kwenye mpangilio wa picha, utafute kipengele kilichoandikwa Backlight, ukishushe hadi 50 au 60. Usikichanganye na kile cha Brightness: hicho hubadilisha kiwango cha weusi wa picha tu, mkondo wa taa unabaki palepale. Watu wengi hushusha hicho wakidhani wamezipumzisha taa.

Sasa ubongo. Hifadhi ni GB 8, na sehemu kubwa imekwisha kuliwa na mfumo wenyewe kabla hujaongeza chochote. Programu 3 au 4 za filamu na muziki zikijisasisha mara kadhaa, nafasi inaisha, rimoti inaanza kujibu kwa kuchelewa, na programu zinajifunga katikati ya kipindi. Kufuta akiba ya kila programu kunasaidia kwa muda mfupi. Lakini tatizo zito zaidi halionekani kwa macho: mfumo uliomo ni Android ya wazi isiyo na idhini ya Google kwa ajili ya runinga, na kinga yake ya filamu, Widevine, iko daraja L3. Huduma za filamu za kulipia hutoa picha ya ubora wa juu kwa vifaa vya daraja L1 pekee, ambavyo hufungua filamu ndani ya sehemu iliyolindwa ya prosesa. Kifaa cha L3 hupewa takriban mistari 480 ya picha badala ya 2160. Yaani umenunua kioo cha 4K, umelipia kifurushi cha 4K, halafu unatazama picha ya ubora wa DVD iliyotanuliwa. Kwenye boksi hakuna hata nukta moja inayosema hivyo. Kupima ni rahisi: pakua programu yoyote inayosoma taarifa za DRM, yaani kinga za filamu, uifungue, uangalie mstari wa Widevine. Ukiona L3, mpangilio wowote wa picha hautakusaidia.

Tiba ni kuuacha ubongo wa ndani na kuchomeka kifaa cha nje chenye idhini na daraja L1. Kiweke kwenye soketi ya HDMI 1, kwa sababu kwenye runinga hii ndiyo pekee inayokubali 4K kwa picha 60 kwa sekunde pamoja na HDCP 2.2, kinga ya filamu inayopita kwenye waya wa HDMI, nyingine mbili zinaishia picha 30. Kifaa cha nje kipate umeme wa adapta yake, si wa soketi ya USB ya runinga, maana soketi hiyo hutoa mkondo mdogo na kifaa kitajizima na kujiwasha katikati ya filamu.

Wapo watakaosema kifaa cha nje ni gharama juu ya gharama. Nawaelewa, ila ubongo wa runinga yoyote huzeeka kabla ya kioo. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011, ambazo vioo vyake bado vilikuwa vizima. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kuchomeka kwenye runinga, zilikwama dunia nzima kwa sababu cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani kilifikisha mwisho wa muda wake, na watumiaji walilazimika kusubiri Google itoe marekebisho. Kifaa cha nje kikifa, unabadilisha hicho tu. Ubongo wa ndani ukifa, muuzaji anakushauri ubadilishe runinga nzima.

Kwa wanaotumia bando: saa moja ya filamu ya mistari 1080 hula takriban GB 3, na ya 4K hufika GB 7. Wi-Fi ya runinga hii ni ya GHz 2.4 pekee, kwa hiyo kwenye nyumba za kupanga zenye ruta nyingi, waya wa mtandao ni bora kuliko kuhangaika na antena.

Zima pia utambuzi wa maudhui, ule unaosoma picha iliyoko kwenye kioo na kupeleka taarifa kwa kampuni. Uko ndani ya mipangilio ya faragha, na ulikuja ukiwa umewashwa. Marekani, mwaka 2017, kampuni ya runinga ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenye nazo, kwa hiyo jambo hili si la kufikirika.

Ubovu wenyewe ulikuja mwezi mmoja baada ya dhamana kuisha. Dalili zake ni hizi: unawasha, mwanga unatokea kwa sekunde moja hivi, kisha kioo kinakuwa cheusi huku sauti ikiendelea na rimoti ikibadilisha chaneli kama kawaida. Anayeijua kazi, dalili hiyo tayari imempa jibu. Taa zimeungwa kwa mfululizo. Moja ikikatika, njia nzima ya mkondo inakatika. Bodi hujaribu kupandisha volti ili kusukuma mkondo, ikiona haupiti inajizima kwa usalama.

Kituo cha huduma kiliandika kwenye karatasi kwamba kioo kimekufa, na bei ya kioo ikakaribia ya runinga mpya. Runinga ilirudi na stika ya usalama ikiwa haijaguswa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sikatai fundi kukosea. Nakataa alipwe ada ya uchunguzi kwa uchunguzi ambao hakuufanya. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata bisibisi: zima taa za chumba, washa runinga, elekeza tochi kali kwenye kioo kwa pembe, karibu kabisa na uso wake. Ukiona picha hafifu ikitembea, kioo na bodi kuu ni vizima, mwanga ndio haupo. Kioo kilichokufa huonyesha mambo mengine: mistari ya wima, nusu ya picha kupotea, doa jeusi linalosambaa kama wino, au ufa.

Kazi ya kubadilisha taa inafanyika na fundi yeyote makini wa mtaani, na huu ndio utaratibu wa kumdai aufuate. Kwanza, baada ya kuchomoa umeme, kapasita kubwa ya pawa saplai inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Iache dakika kadhaa, kisha ipimwe kwa mita kabla ya kugusa. Anayeimaliza umeme kwa kuigusisha bisibisi hadi itoe cheche anahatarisha bodi na mkono wake. Taa zipimwe kwa kipima taa kinachotoa mkondo thabiti, kwenye soketi ya waya unaoelekea kwenye taa. Kwenye runinga hii kuna vipande 3 vya taa 8, kila taa volti 3, kwa hiyo mnyororo mzima unahitaji karibu volti 72. Volti ya kipima ikipanda hadi mwisho bila taa kuwaka, mnyororo umekatika.

Kufungua kioo ndiko kunakoua runinga nyingi. Kioo ni chembamba, na kwenye ukingo wake kuna riboni laini, nyaya bapa za kupeleka picha, zilizobandikwa. Ikipasuka moja, utapata mistari ya wima isiyotibika, na hapo kweli kioo kitakuwa kimekufa. Kinyanyuliwe na watu wawili, kwa vikombe vya kunyonya, bila kushika ukingo wenye riboni, kisha kilazwe juu ya kitambaa safi. Karatasi za kusambaza mwanga zilizo chini yake zipigwe picha kabla ya kutolewa, kwa sababu mpangilio wake na upande wake vikibadilika picha inakuwa na vivuli. Vumbi likiingia katikati yake utaliona kila siku.

Badilisha vipande vyote. Fundi atakwambia taa moja tu imekufa, airuke kwa waya au apachike nyingine. Runinga itawaka, ila taa zilizobaki zina umri uleule na zimepita kwenye joto lilelile. Zitafuata moja baada ya nyingine, na kila ufunguzi unahatarisha riboni upya. Seti nzima inapatikana kwa shilingi 40,000 hadi 60,000. Urefu wa kipande, idadi ya taa, volti ya kila taa na aina ya lenzi vyote vilingane na vya zamani. Kuna taa za volti 3 na za volti 6 zinazofanana kwa sura. Ukizichanganya utapata giza au utaziunguza. Lenzi zikaguliwe pia: gundi yake ikilegea kwa joto, lenzi hudondoka na kuacha vidoa vyeupe vikali kwenye picha.

Kabla ya kufunga, mkondo wa taa upunguzwe kwenye bodi. Karibu na dereva wa taa, yaani saketi inayozilisha umeme, kuna rezista ndogo kadhaa zilizounganishwa sambamba, zinazopima mkondo. Zikiwa 4 zenye thamani sawa na ikatolewa moja, mkondo hushuka hadi robo tatu. Mwanga unapungua kidogo, joto linapungua sana. Washa runinga nusu saa ikiwa wazi, ndipo ifungwe.

Umeme wetu nao una sehemu yake, ingawa si ile inayotajwa dukani. Pawa saplai ya runinga hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauiui. Kinachoua ni umeme kurudi kwa kishindo, au waya wa nyutro kukatika mtaani na volti kupanda kuelekea 400. Nunua TV guard inayokata volti ikizidi na kusubiri kabla ya kuurudisha umeme. Stabilaiza ya bei rahisi inayobofyabofya haifanyi kazi hiyo.

Ulaya watengenezaji wamebanwa zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2019/2021, iliyoanza kutumika kwa runinga Machi 2021, inawataka wawe na pawa saplai, kapasita na soketi kwa ajili ya mafundi kwa miaka isiyopungua 7 baada ya runinga ya mwisho ya toleo hilo kuingia sokoni, na programu endeshi kwa miaka 8. Hata hiyo haikuzitaja taa za nyuma, kipuri kinachokufa mapema kuliko vyote. Kampuni inayouza hapa kwetu ingeweza kuweka seti za taa kwenye kituo chake bila kusubiri sheria. Ni vipande vya alumini vinavyotosha kwenye droo.

Ukiinunua, piga picha ya stika ya nyuma siku hiyohiyo, kabla haijatundikwa ukutani. Jina la toleo halitoshi, maana kiwanda hubadilisha taa na kioo ndani ya toleo lilelile. Namba ndefu ya mfululizo na msimbo wa toleo la bodi ndivyo muuzaji wa vipuri atakavyokuuliza, na bila hivyo atakuuzia seti inayofanana tu kwa urefu.