Maonyesho ya Zana za Mkono za Useremala: Tazama Kwanza Meza ya Kunolea

Maonyesho ya zana za mkono za useremala hayapimwi kwa wingi wa vibanda vya wauzaji. Kipimo chake cha kweli ni meza ya kunolea, na kwa kipimo hicho maonyesho niliyoyatembelea yamefaulu. Muuzaji anayekukabidhi randa mpya iliyonolewa kiwandani anakuuzia makali ya siku chache tu. Asipokuonyesha namna ya kuyarudisha, basi ameuza chuma, hajauza zana. Hapa waandaaji walilielewa jambo hilo, wakamweka fundi wa kunoa karibu na mlango, mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kumpita bila kumwona.

Fundi huyo alichukua patasi butu, na badala ya kukimbilia kwenye mshazari wa makali kama wengi tunavyofanya, akaanza na upande bapa wa nyuma. Alieleza kwamba makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana, hivyo uso mmoja ukibaki na mikwaruzo au vishimo vya kutu, uso wa pili hata ukinolewa kutwa nzima hautaleta makali kamili. Aliulaza upande huo juu ya jiwe la namba 1000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), akausugua mpaka sehemu iliyo karibu na ncha ikawa na mng'aro wa aina moja, kisha ndipo akaugeukia mshazari. Mshazari wa kwanza ulikuwa wa pembe ya nyuzi 25. Katika ncha yake akaongeza mwingine mwembamba wa nyuzi 30, ili wakati mwingine wa kunoa asilazimike kuondoa chuma kingi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakutuambia tu kuwa chuma kikifika mwisho hujikunja upande wa pili. Aliizungusha patasi kwa wageni waliokuwa mbele, kila mmoja akapitisha kidole kwa uangalifu kutoka upande bapa kuelekea nje, akauhisi ule ukingo mwembamba unaokwama kwenye ngozi kabla jicho halijauona. Huo ndio ushahidi kwamba jiwe limefika kwenye ncha, na pasipo huo hakuna haja ya kuhamia jiwe laini zaidi. Baada ya hapo alipanda hadi jiwe la namba 8000, akauondoa ule ukingo, akamalizia kwa ngozi iliyopakwa dawa ya kung'arishia, kisha akakata ubao laini upande wa kichwa, kule nyuzi za mti zinakoishia. Patasi butu huzivunjavunja na kuziponda nyuzi hizo. Hii aliyoinoa iliacha uso laini unaong'aa. Alikumbusha pia jambo ambalo walimu wengi hulisahau, kwamba jiwe la maji, yaani la kunolea linalotumiwa likiwa limeloweshwa, nalo huliwa katikati na lazima lisawazishwe kila mara, kwa sababu jiwe lililobonyea haliwezi kunyoosha chuma.

Kwenye meza za randa wageni waliruhusiwa kujaribu, na huo ni uungwana ambao si kila maonyesho yanao. Randa nyingi za chuma zilizokuwepo, hata zile mpya za gharama kubwa, zinafuata muundo wa Leonard Bailey, Mmarekani ambaye haki zake za uvumbuzi zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869: gurudumu dogo la shaba nyuma ya ulimi, yaani chuma chenye makali, ndilo linaloushusha na kuupandisha. Kando yake palikuwa na randa za Kijapani zenye mwili wa mbao, ambazo huvutwa kuelekea kwa fundi badala ya kusukumwa, na ambazo ulimi wake hurekebishwa kwa kugongwa kwa nyundo ndogo. Aliyekuwa akizionyesha alitaja mashindano ya Japani yanayoitwa Kezuroukai, ambako maranda ya washindi huwa na unene usiofika mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali karatasi ya kawaida ya kuandikia ina takriban 100. Hata hivyo alitahadharisha kwamba wembamba wa maranda si lengo la kazi ya kila siku. Kwa seremala wa kawaida, somo lenye faida zaidi lilikuwa lile la chuma cha juu kinachokaa mgongoni mwa ulimi: kikisogezwa karibu na makali, chini ya nusu milimita, huyavunja maranda mapema na kuzuia nyuzi zisinyofoke. Nilijaribu kabla na baada ya marekebisho hayo juu ya ubao uleule, na tofauti niliihisi mikononi.

Onyesho la viungo vya mbao lilifanywa kwa msumeno wa mkono na patasi peke yake. Fundi alichora mistari kwa kisu badala ya penseli, akaeleza kuwa mkato wa kisu una kazi mbili, yaani kuonyesha mpaka na kuzikata nyuzi za juu ili patasi ipate ukuta wa kuegemea. Alikata upande wa taka, yaani ule wa kutupwa, akiuacha mstari ukiwa mzima, na kiungo kikaingia kwa kugongwa mara chache kwa nyundo ya mbao. Alionyesha pia kwa kioo cha kukuzia kwa nini msumeno wa kupasulia si ule wa kukatia: meno ya wa kwanza hupigwa tupa yawe kama patasi ndogondogo zilizopangwa mstari mmoja, na ya wa pili huchongwa pembeni yapate ncha za kukata nyuzi zilizolala kukingama.

Kazi za keezo, yaani mashine ya kuchongea mbao ikizunguka, na uchongaji wa vijiko zilivutia watu wengi, ingawa hazikuwa na mafunzo mengi.

Kasoro zipo, na waandaaji wanapaswa kuzirekebisha. Meza za mafundi ziliwekwa sakafuni bila jukwaa, kwa hiyo aliyesimama safu ya tatu aliona migongo ya watu tu. Onyesho la viungo na lile la kurekebisha randa yalipangwa wakati uleule, jambo lililowanyima wengi mojawapo. Aidha, karibu kila fundi alitumia mbao laini zenye nyuzi zilizonyooka, zisizo na fundo. Mnunuzi anahitaji kuona randa hiyohiyo ikipambana na mbao ngumu yenye nyuzi zinazopishana, kama mvule, kwa kuwa huko ndiko zana inakojulikana.

Kwa ununuzi, ningependekeza meza ya zana kuukuu kabla ya vibanda vya zana mpya. Randa ya zamani ikaguliwe ufa kwenye mdomo na pembeni mwake, na soli yake ipimwe kwa rula iliyonyooka. Ulimi wenye kutu ya juujuu hauna tatizo, lakini wenye vishimo karibu na makali uachwe. Msumeno uangaliwe kwa kuufuata kwa jicho kutoka mpinini hadi nchani, kwani meno butu hunolewa, ilhali bamba lililokunjamana ni vigumu sana kulinyoosha. Anayeanza atosheke na patasi mbili, randa moja na msumeno mmoja, na fedha inayobaki aitumie kununua jiwe zuri la kunolea kabla ya kufikiria randa ya pili.